Hesabu ya Tuta la Tatu

1 Oktoba

Daftari hili nimepewa na Dada leo asubuhi pamoja na amri. Amesema, "La kwangu ni la ndege tu. Maneno yako mengi, mdogo wangu, tia humu. Usije ukanichafulia la kwangu."

Basi natia. Mimi ni fundi baiskeli, na si fundi wa kubahatisha. Baiskeli ikinijia inalia, inaondoka inaimba. Shule niliacha darasa la sita. Wapo wanaosema nilifeli, lakini ukweli ni kwamba mwalimu aliishiwa cha kunifundisha. Mtaani wananiita Redio, eti sina swichi ya kuzimia. Wivu.

Dada ni mkubwa wangu kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa karani wa mizani kule kwenye kiwanda cha chumvi mpaka kilipofungwa, na mizani haikumtoka kichwani. Kila msimu ndege wageni wanapokuja kutoka nchi za baridi kujilisha kwenye matope yetu, yeye huenda kuwahesabu. Misimu thelathini na mmoja. Hakutumwa na mtu. Madaftari yamejaa sanduku la bati chini ya kitanda.

Msimu huu daktari kasema moyo umechoka. Miguu imevimba kama ya mtu aliyevaa soksi za maji, na mwisho wake wa kutembea ni mlangoni. Na msimu wenyewe ndio huu ambao halmashauri inataka kuyafukia mabwawa ya chumvi, wapate kiwanja cha kuegesha malori. Afisa wa mazingira, binti mwenye darubini shingoni, alikuja akamwambia Dada bila kuzunguka: "Mama, karatasi pekee inayowatetea hawa ndege ni hili daftari lako. Msimu huu usikatike."

Ndipo macho ya Dada yakanigeukia mimi.

Masharti yake ni haya. Niende siku za bamvu, zile siku bahari inapopanda kuliko siku zote, mara mbili kwa mwezi. Nifike saa kumi jioni maji yakijaa kabisa. Nikae juu ya tuta la tatu, ule ukingo wa udongo wa bwawa la tatu la chumvi. Nihesabu mara moja, nirudi. "Na usipomwona ndege, sema sifuri," akasema. "Sifuri nayo ni hesabu."

Nikamwambia kazi ndogo hiyo. Mimi niliwahi kuwahesabu siafu.

5 Oktoba

Siku ya kwanza. Nimetoka saa mbili asubuhi.

Dada alisema saa kumi jioni, lakini mtu mwenye akili ajiulize: kutembea saa nzima na nusu kwenda kuhesabu mara moja tu si sawa na kufungua gurudumu zima ili utie upepo? Nikaona nifanye kazi ya kiume. Nikapita mashambani, nikavuka kijito kwenye lile gogo, nikatokea nyuma ya mikoko kunako saa nne, maji yamekupwa mpaka bahari imekuwa mstari tu. Matope yanang'aa. Na juu ya matope, ndege.

Sitadanganya, nilinyamaza. Kitwitwi wadogo wanakimbia pamoja kama shanga zilizomwagika sakafuni, wanasimama pamoja, wanakimbia tena. Sululu wanatembea taratibu kama wakaguzi, mdomo mrefu umepinda kama mundu, wanauzamisha matopeni mpaka machoni. Yangeyange weupe pembeni, wenyeji wale, hawahesabiwi.

Hesabu yangu ni ya kifundi. Mfuko wa kushoto nimetia goroli za ekseli. Kila ndege kumi, goroli moja inahamia kulia. Zilihama ishirini na tatu. Mia mbili na thelathini.

Kisha nikapanda hadi kwenye mabwawa ya chumvi, nikalala kidogo kwenye kivuli cha kibanda cha pampu, na saa kumi nikakaa tuta la tatu kama nilivyoagizwa. Ishirini na moja. Mia mbili na kumi. Jumla mia nne na arobaini.

Dada alikuwa kaegemea mito miwili. Nilipomtajia, kalamu ilisimama hewani.

"Mia nne na arobaini? Mwaka jana bamvu kama hili nilipata mia mbili na kumi na nane."

"Labda walisikia nakuja."

Akacheka. Hajacheka tangu kwa daktari. Binti yake, mpwa wangu, aliacha kushona chumba cha mbele akaja kuchungulia kuna nini.

6 Oktoba

Miguu inauma. Sijamwambia mtu.

11 Oktoba

Nimebadilisha minyororo miwili. Mteja mmoja kaniuliza ndege wanamhusu nini mtu wa spoku. Nikamsimulia yule mwari, ndege mwenye mfuko chini ya mdomo, aliyemeza kofia yangu nikiwa kijana, na jinsi nilivyomfungua mdomo nikaitoa ikiwa na samaki watatu ndani. Wiki iliyopita walikuwa wawili, akasema. Watu wana kumbukumbu mbaya za kila namna.

19 Oktoba

Matope mia mbili na sabini, tuta la tatu mia mbili na sitini. Jumla mia tano na thelathini. Nazidi kupata jicho.

Lakini leo kuna jambo jingine. Dada hakungoja hata nikae. "Kiguru je?"

Kiguru ni sululu. Mguu wa kushoto ulivunjika zamani ukaunga kombo, na akitua hutua kwanza kwa mguu mzima ndipo aushushe mbovu taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Misimu tisa mfululizo kaja, na misimu tisa husimama juu ya nguzo ileile, ile ya mlango wa maji wa tuta la tatu. Dada anasema yule ndege anavuka nchi ishirini kwa mguu mmoja. Nilipomwambia anavuka kwa mabawa, mguu una kazi gani, alininunia siku mbili.

Sikumwona. Nguzo ilikuwa tupu, shakwe mmoja tu kaichafua.

Nikatazama miguu yake mwenyewe Dada, imefunikwa kitenge, imeinuliwa juu ya mto. Nikasema, "Kaja. Yuko nguzoni kwake."

Aliandika: Kiguru amekuja. Akaweka tarehe. Akafumba macho muda mrefu, nikadhani kalala, kumbe machozi.

Uongo mdogo hauui mtu. Umeshawahi kumponya hata mgonjwa.

20 Oktoba

Amekula akamaliza. Mpwa wangu kaniambia, "Mjomba, sijui umempa nini, endelea."

28 Oktoba

Mvua siku ya tatu. Kibanda changu kinavuja mahali palepale nilipoziba.

2 Novemba

Nitaandika yote. Mkono wangu mzito leo.

Asubuhi matope mia tatu. Mvua ilikuwa imepumzika, mawingu yamelala chini. Jioni tuta la tatu mia mbili na tisini. Nikajumlisha mia tano na tisini, nikasema kumi lazima walikuwa wamejificha nyuma ya nyasi, basi mia sita kamili. Nimesimama najifuta tope, akanijia Mkwangua.

Mkwangua ni mzee aliyebaki peke yake kwenye mabwawa yale tangu kiwanda kifungwe. Bado anakwangua chumvi kwenye kingo kwa reki yake ya mbao, kama hajaambiwa kazi imekwisha. Maneno yake kwa mwaka mzima mimi nayamaliza kabla ya kunawa uso.

"Redio. Asubuhi nilikuona kule matopeni unahamisha goroli."

"Nahesabu wa kule, halafu nahesabu wa huku."

"Wa kule wepi?"

"Wa matopeni, mzee wangu. Huoni mbali siku hizi?"

"Sasa hivi kule matopeni kuna nini?"

Nikageuka. "Maji."

"Na ndege?"

Nikapapasa goroli mfukoni. Yeye akaegemea reki. "Maji yakikupwa wanakwenda kula kule. Maji yakijaa hawana pa kusimama, wanakuja kupumzika hapa. Wewe nyumbani kwako mtu akiwa sebuleni unamhesabu, akienda chumbani kulala unamhesabu tena? Mko wangapi basi kwenu, kumi na wawili?"

Akaenda zake kukwangua. Kicheko hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikabaki nimesimama. Wakati ule kundi jingine likaingia kutoka baharini, wanapiga kona juu ya maji, mgongo kahawia, tumbo jeupe, kahawia, jeupe. Walewale wa asubuhi. Nilimtambua mmoja aliyekosa unyoya wa bawa, niliyemcheka saa nne kwamba kinyozi wake kalewa. Yuleyule.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia: Dada, nimekosea, kata nusu. Ni maneno manne tu. Mimi mwenye maneno ya kujaza daftari.

Nikafungua mlango, Afisa amekaa kitini kando ya kitanda. Daftari la Dada liko wazi mapajani mwake. Mpwa wangu kasimama na chai. Wote wakanitazama.

"Shikamoo, mzee," Afisa akasema. Nina miaka hamsini na tatu, lakini nikaitikia. "Nimekuja kunakili hesabu. Hizi za msimu huu ni za ajabu. Zimezidi mara mbili. Nikizipeleka, hakuna wa kugusa mabwawa."

Dada alikuwa amekaa wima. Kavaa kilemba chake kizuri. Akasema, "Ni ndugu yangu huyu. Watu wanamwona mpuuzi, lakini jicho analo. Haya, sema. Leo wangapi?"

Katika maisha yangu yote, sikumbuki Dada akinisifu mbele ya mtu.

Nikasema, "Mia sita."

3 Novemba

Sikufungua kibanda.

9 Novemba

Mwenyekiti wa halmashauri kaleta baiskeli, rimu imepinda. Akikaa juu yake ni kama gunia lililotupwa kwenye kamba ya kuanikia. Akaniambia huku ananyoosha suruali, "Nasikia wewe ndiye mhesabu siku hizi. Mia sita? Umewahesabu kwa miguu ukagawanya kwa moja?" Akacheka peke yake. Siku nyingine ningemjibu mpaka arudi nyumbani kwa miguu. Leo nilikaza spoku nikanyamaza. Akauliza kama naumwa.

Mvua.

16 Novemba

Nilikwenda jioni tu. Matopeni sikupita.

Niliamua hivi: nihesabu mara moja kama inavyotakiwa, kisha nishushe idadi kidogo kidogo kila bamvu, mia sita, mia tano, mia nne, kama ndege wanavyoondoka. Hakuna atakayejua. Mtu akipanda mti mrefu kwa kiburi, bora ashuke tawi kwa tawi kuliko kuanguka.

Nimefika tuta la tatu, Afisa amekwisha kaa. Kavaa mabuti ya mpira, darubini machoni, kidude cha kuhesabia mkononi kinalia tik, tik, tik. Akanipisha nafasi bila kuondoa macho. Nikakaa. Nikatoa goroli zangu. Tukahesabu pamoja kama wanafunzi wawili wa dawati moja. Upepo ulikuwa baridi.

Yeye alipata mia mbili themanini na nane. Mimi nilipata mia mbili themanini na mmoja.

Hakuniuliza kitu. Alikifunga kitabu chake, akakizungushia mpira wa kukibana, akasema, "Mvua inakuja, mzee. Twende." Njiani nilikuwa na maneno elfu na sikutoa hata moja, na nikagundua kwamba yule binti ana huruma, na kwamba huruma ikikufikia wakati huna haki nayo, inauma kuliko tusi.

Dada kaniuliza wangapi. Nikasema mia mbili themanini na mmoja. Aliandika, kisha akarudi nyuma kurasa mbili, akatazama, akaja mbele tena.

21 Novemba

Barua. Mpwa wangu kaisoma amesimama, sindano bado iko mdomoni. Ofisi ya mazingira inasema kwa sababu ya tofauti kubwa zisizoelezeka katika msimu wa sasa, daftari lote la miaka thelathini na mmoja linawekwa kando mpaka lithibitishwe. Kikao cha kuamua mabwawa ni tarehe tano Desemba.

Lote, imesema. Nilimwomba airudie hapo.

22 Novemba

Sanduku la bati limetolewa chini ya kitanda. Madaftari manane yametandazwa juu ya shuka. Dada anayapitia moja moja, kidole kinashuka kwenye safu.

Kasema, "Labda ni mimi."

"Wewe vipi?"

"Labda macho yangu yalikuwa yananipunja miaka yote. Kama wewe unaona mia sita mahali nilipoona mia mbili, huenda sikuwahi kuona sawasawa. Karani wa mizani." Akacheka kicheko kidogo kisicho na sauti. "Mizani yenyewe mbovu."

Kuna ukurasa wa mwaka aliofiwa na mumewe. Alikwenda siku ya nne baada ya mazishi, mvua ikamnyeshea, wino umetanda kama moshi. Mia moja tisini na saba. Hakuongeza watatu wapate kuwa mia mbili. Nani angejua? Niliutazama ule ukurasa mpaka macho yakaniuma.

Nikatoka nje nikakaza nati za baiskeli ambayo haikulegea.

23 Novemba

Nimemwambia. Asubuhi, kabla ya chai, kabla sijajipa nafasi ya kuipamba habari.

Nilikaa sakafuni, maana kwenye kiti ningekuwa juu yake. Nikasema, "Dada, nilihesabu ndege walewale mara mbili. Matopeni asubuhi, tutani jioni. Sikujua. Halafu tarehe mbili nikajua, na nikasema mia sita hivyohivyo."

Alilifunga daftari lililokuwa wazi kwenye shuka.

"Tarehe mbili ulijua kabla hujaingia humu ndani?"

"Kabla."

"Na mimi nikakusifu."

"Ndiyo maana nikashindwa."

"Usinitwike mimi." Hakuinua sauti. "Jana umenitazama najitukana macho yangu, ukatoka nje."

Cherehani ya chumba cha mbele ilikuwa imesimama. Mpwa wangu akasema kutoka huko, bila kuonekana, "Mjomba, wewe ukiiba kuku unaiba na banda." Mama yake akamwambia anyamaze, huyu ni mjomba wako.

Kisha Dada akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea. "Lile daftari nililokupa la upuuzi wako. Umeandika humo?"

"Kila siku, karibu."

"Uliandika wa matopeni peke yao na wa tutani peke yao?"

Nikafikiri. Niliandika. Nilitenganisha, si kwa uaminifu, bali kwa kujisifu, ionekane nilifanya kazi mbili.

"Basi utalipeleka kikaoni," akasema. "Lisomwe."

Nikamwambia, Dada, humu nimemwandika mwenyekiti. Nimemwandika kila mtu. Nimeandika yale ya mwari.

"Lisomwe," akasema, akageukia ukutani.

1 Desemba

Jana bamvu, jioni tu, mara moja: mia mbili sabini na sita, Dada kaandika. Nilitaka kuchana baadhi ya kurasa. Lakini daftari la shule ukichana ukurasa wa mbele, mwenzake wa nyuma unalegea. Nimeacha.

5 Desemba

Ukumbi wa halmashauri una feni mbili na moja haizunguki. Viti vya plastiki. Watu wamejaa kuliko nilivyodhani: wenye malori mbele, Mkwangua nyuma kabisa kashika reki kama kaja nayo kwa bahati mbaya. Dada hakuweza kuja. Mpwa wangu alikuja badala yake, kakaa na sanduku la bati miguuni.

Nilipoinuka wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Mmoja akasema, "Redio imewashwa." Mwenyekiti naye akatabasamu, "Haya, leo wangapi? Elfu?"

Nikasema, "Nimekuja kusema kwamba nilidanganya."

Wakacheka zaidi. Mtu akasema, "Hata huo ni uongo." Ndipo nilipoelewa jambo ambalo miaka hamsini na tatu haikunifunza: nimekaa nikilimimina neno langu kama maji ya kuoshea magurudumu, na siku ninayolihitaji ndoo imebaki tupu. Nilisimama pale, mtu mzima, sina hata neno moja la kuaminika.

Nikatoa daftari hili nikampa Afisa. "Soma kuanzia tarehe moja Oktoba," nikamwambia. "Soma zote. Usiruke."

Alisoma amesimama, sauti yake kavu ya ofisini. Alisoma darasa la sita. Alisoma siafu. Ukumbi ukaangua kicheko, nikatazama vidole vyangu, vina grisi ambayo haitoki. Alisoma matope mia mbili na thelathini, tuta la tatu mia mbili na kumi. Akasimama hapo. Akamwomba mpwa wangu daftari lenye mwaka jana na mwaka juzi, akaweka vidole viwili kwenye kurasa mbili. Kicheko kikapungua.

"Bamvu hilohilo mwaka jana, mia mbili kumi na nane," akasema. "Mwaka juzi, mia mbili na watano. Huyu hapa kwenye tuta la tatu, mia mbili na kumi."

Akaendelea. Samaki watatu wa mwari. Tarehe kumi na tisa Oktoba akasoma hesabu mbili, kisha macho yakashuka kwenye mistari iliyofuata, nikajua kafika kwa Kiguru. Akaninyanyulia macho. Nilimwambia asiruke. Aliruka. Akageuza ukurasa.

Alisoma ya tarehe mbili Novemba yote, na alipofika "Mia sita" hapakuwa na aliyecheka. Alisoma gunia kwenye kamba ya kuanikia. Mwenyekiti akatazama feni mbovu kama aliyeiona leo. Alisoma siku ya kidude chake cha tik tik, na huruma yake mwenyewe, na hapo akanywa maji.

Alipomaliza akasema, "Hesabu za tuta la tatu, ukizitoa humu, zinalingana na za Mama kwa miaka thelathini. Na zangu za Novemba zinalingana na zake. Daftari la Mama halina kosa. Kosa ni hili, na limeandikwa hapa na aliyelifanya."

Mkwangua akasema kutoka nyuma, "Mimi nilimwambia." Ndiyo maneno yake ya mwaka.

Nikatoka nje peke yangu. Hakuna aliyenipiga bega, na sikustahili.

12 Desemba

Wameamua. Mabwawa mawili ya juu yatafukiwa. La tuta la tatu linabaki, na halitaguswa.

Mpwa wangu alipomsomea, Dada aliuliza, "La tatu linabaki na mlango wa maji wake?" Akaambiwa na mlango wake. "Na nguzo?" Na nguzo.

Kisha akachukua kalamu, akaikata mia nne na arobaini, akaandika juu yake mia mbili na kumi, na pembeni herufi ndogo: kutoka daftari la ndugu yangu. Akafanya hivyo kwa kila moja. Mstari wa Kiguru amekuja hakuugusa. Niliona kidole chake kikipita juu yake polepole.

Hapumui vizuri usiku. Mito imekuwa minne.

14 Desemba

Nimetoka saa nane na nusu mchana. Nimepita mashambani moja kwa moja. Kule bwawa la kwanza malori yamekwisha mwaga kifusi, na kitwitwi wawili walikuwa wanakimbia juu ya kile kifusi wanatafuta ukingo wa maji ambao haupo. Mkwangua amehamishia reki yake kwenye tuta la tatu. Tukasalimiana.

Saa kumi maji yakajaa. Nilihesabu mara moja. Goroli ishirini na sita na ndege wanne. Mia mbili sitini na wanne.

Nikabaki. Nikaitazama nguzo ya mlango wa maji mpaka jua likashuka nyuma ya mikoko. Kila sululu aliyetua nilimtazama miguu. Wote wazima. Wote walitua kwa miguu miwili.

Nyumbani Dada alikuwa macho. Nikakaa sakafuni.

"Wangapi?"

"Mia mbili sitini na wanne."

"Kiguru?"

Ningeweza. Mwenyewe najua jinsi ya kulisema, jinsi ya kumtua mguu mzima kwanza, mbovu baadaye. Hakuna Afisa, hakuna kikao, na daktari alipita jana akazungumza na mpwa wangu nje ya mlango.

"Sifuri," nikasema. "Na ile ya Oktoba pia sifuri, Dada. Sikumwona. Sijawahi kumwona msimu huu."

Alitazama dari. Cherehani ililia kidogo chumba cha mbele, ikanyamaza. Nilingoja aniambie nitoke.

"Misimu tisa," akasema mwishowe. "Ndege mwenye mguu mmoja. Ni mingi."

"Ni mingi sana."

Akalisukuma daftari lake kwenye shuka mpaka likanigusa goti. Kisha kalamu.

"Mkono wangu hauna nguvu. Andika."

"Niandike mimi? Humu?"

"Kuna mwingine?"

Sijawahi kuligusa daftari lile. Nikaandika tarehe. Nikaandika mia mbili sitini na wanne. Nikarudi nyuma nikaukata ule mstari wa Oktoba, nikaweka sifuri, nikaja mbele nikaandika Kiguru, na mbele yake sifuri nyingine. Nikamwonyesha.

Alilisogeza daftari karibu na taa.

"Mbona sifuri hii kubwa hivi?"

"Ionekane."

"Punguza," akasema. "Ilingane na nyingine."

Nikaikata, nikaandika ndogo.